Kamba Kwenye Koti la Bagalwa

Koti lilimkaa Bagalwa vizuri kila mahali isipokuwa shingoni. Emérance, fundi cherehani wa mji wa Saint Paul, alipima kola mara tatu, akaona ina nafasi ya vidole viwili. Bagalwa akashikilia kwamba inamkaba.

Mtu huyu alikuwa na jozi kumi na tano za viatu na sufuria moja. Kila Jumapili alichelewa kanisani makusudi ili wote wamwone akiingia. Kitambaa alikipata kitongoji cha Eden Prairie, kwenye mauzo ya vitu vya marehemu fulani tajiri: mahameli ya hariri ya Kiajemi, ya miaka mia nne, iliyofumwa mpanda farasi akimvuta kwa kamba mateka aliyeinamisha kichwa. Mwenye akili angeipeleka makumbusho. Yeye alitaka koti la kuvaa kwenye harusi ya binamu yake, Januari ile ya 2014.

Emérance alimweleza kwamba mkasi ungepita juu ya kamba. Mpanda farasi angekaa kifuani, mateka angeangukia kwenye vipande vya kutupa.

"Kata tu, mama," Bagalwa alisema. "Ule mufungwa ataniharibishia veste."

Emérance akakata. Jioni Bagalwa alipokwisha kulichukua koti lililoshonwa, alitafuta kile kipande ili akihifadhi, akakuta mahameli nyekundu tupu. Mateka hakuwepo. Alimpigia Bagalwa simu akimsihi arudishe koti alifumue, naye akajibu kwamba ameshaweka picha zake mtandaoni.

Siku ya harusi, saa nane mchana, harufu ya jasho la farasi ilizuka kwenye viti vya mbele kanisani, akina mama wakawa wanakagua soli za viatu vyao, na Bagalwa, aliyekuwa amejisimamisha kando ya maharusi bila kuitwa na mtu, akaanza kuelekea mlangoni hatua moja moja, shingo mbele na miguu ikibaki nyuma, kama mbuzi anayepelekwa sokoni, huku kwato ambazo hakuna aliyeziona zikigonga sakafu ya mbao taratibu, bila haraka yoyote, mpaka Mchungaji Jairus akamshika mkono na kumnong'oneza avue koti upesi waombe.

Emérance, aliyekuwa miongoni mwa wageni, alinyoosha mkono kwenye vifungo. Bagalwa akaupiga.

"Ngoja wapige foto kwanza," alisema kwa sauti nyembamba.

Wakapiga. Koti likaanguka sakafuni likiwa na vifungo vyote vimefungwa, na ndani hamna mtu. Jairus aliomba hadi sauti ikamkauka, harufu ikaisha, lakini Bagalwa hakurudi.

Emérance alilitandaza koti mezani kwake. Kamba ilikuwa nzima tena, bila alama ya mkasi, imepita begani hadi mgongoni, na mwishoni mwake amefungwa mateka mwenye viatu vilivyochongoka. Huyu hakuinamisha kichwa. Alikuwa ameinua kidevu, ameweka mkono kiunoni, anangoja kupigwa picha.