Kahawa ya Kutafuna

Jirani yangu Kokuberwa si mtu wa kuokota uzushi, ndiyo maana nayasimulia haya. Jumamosi ya wiki iliyopita alimchukua mdogo wake Jovitha, wakazunguka vilima vya mawe nyuma ya Mkuyuni, kutoka kwa mfinyanzi mpaka kwa mchonga ngoma, bila haraka, kama watu wasio na vyombo vya kuosha.

Juu kabisa wakakuta nyumba ya msuka vikapu, imeegemea jabali. Ilikuwa mchana kweupe, lakini ndani giza totoro.

"Hodi! Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Tafuneni kahawa."

Kwao Bukoba mwenyeji hutafuna kwanza, ndipo mgeni achukue. Kokuberwa akangoja. Akasikia meno yakisaga taratibu: kwaru, kwaru.

"Si unasikia anatafuna? Chukua, usitutie aibu," akamwambia mdogo wake. Jovitha akapapasa kikapu, akatia buni moja kinywani.

Kokuberwa akawasha tochi ya simu ili achague kikapu cha kununua. Chumba kizima kilikuwa na mkeka na kikapu kimoja. Mtu hakuna, wala mlango wa pili.

Wakashuka mbio.

"Tema!"

"Nimeshatema, dada."

Hospitali wamempiga picha, hawakuona kitu. Padri amempaka mafuta. Leo ni siku ya tisa Jovitha hajameza hata uji, na dada yake amebaki kumshika mkono tu.

Jana Kokuberwa alimfungua kinywa, akamulika. Kitupu. Ulimi umetulia, meno hayagusani. Na humo humo ndani, taratibu: kwaru, kwaru.