Mwanachama Aliyefutwa

Kila siku baada ya masomo, Mumina Roba alichukua njia ndefu ya kurudi nyumbani. Njia fupi ilipita uwanjani, na uwanjani wasichana wa darasa lake walikaa vikundi vikundi wakizungumza Kisomali harakaharaka. Hawakuwa wabaya. Walimsalimu, wakamuuliza habari kwa Kiswahili, kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao, naye akabaki amesimama na tabasamu lisilo na kazi. Mtu akibaki hivyo mara mbili tatu, hujifunza kuzunguka.

Mumina alikuwa Mborana kutoka upande wa Wajir. Ukame ulipomaliza ng'ombe wa baba yake, alipelekwa Garissa kwa Shangazi Sharifo ili asome. Shangazi alikuwa mwema, lakini aliuza maziwa ya ngamia sokoni tangu asubuhi hadi jua kuzama. Nyumbani palikuwa na mikeka, birika na kimya. Wahenga walisema upweke ni uvundo, na Mumina, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa ameanza kuisikia harufu yake.

Kilichomwokoa ni maktaba. Palikuwa na kompyuta chache kuukuu, na Mwalimu Diriye, mwalimu mstaafu, alikuwa ameanzisha humo jukwaa la mtandaoni la watoto wapendao kusoma. Walikuwemo watoto wa Ijara, wa Bura, hata wa Elwak, kila mmoja kwa jina la kujibandika. Mumina alijiita Twiga. Jukwaani hakuna aliyemuuliza kwao ni wapi. Waliuliza tu amesoma nini. Aliandika kwa bidii hata Mwalimu akamfanya msimamizi, awe anachunga lugha ya wenzake wakati yeye yuko safarini kupeleka vitabu.

Mwalimu Diriye alikipenda Kiswahili kuliko Kiswahili kilivyompenda yeye. Herufi v ilimshinda tangu utoto, na p nayo ilimkimbia. Vitabu kwake ni fitabu, pole pole ni bole bole. Mumina alikuwa amefundishwa lugha hiyo na mwalimu aliyetoka Lamu, akazoea kila herufi itamkwe mahali pake. Alicheka kimoyomoyo, lakini alielewa, maana duniani hakuna kitu kinachoitwa fitabu.

Miongoni mwa wanachama alikuwemo mmoja aliyejiita Kivuli. Mumina alipoandika kwamba sikukuu ya Idi aliimaliza amekaa mlangoni akiwatazama watoto wenzake, Kivuli alimwandikia yeye peke yake: "Mimi nalala bwenini na watu wengi. Hata hivyo niko peke yangu." Polepole akamweleza mengine. Alikuwa na kigugumizi, na kila alipofungua kinywa, wenzake walimwiga hadi usingizi uwachukue. Kwao ni Bura, ambako mama yake aliuza anjera, chapati nyepesi za Kisomali, karibu na kisima. Tangu siku hiyo Mumina alijua ana rafiki, ingawa hakujua sura yake wala jina lake.

Alhamisi moja, wanafunzi wa bweni wakiwa makwao kwa mapumziko ya katikati ya muhula, Mumina alifungua jukwaa akakuta maneno ya Kivuli mbele ya watu wote:

"Jumapili narudi shule. Wacheke sana sasa hivi. Wakishalala, bweni letu litakuwa na joto kuliko Garissa yote."

Chini yake wenzake walishaanza utani. "Nunueni feni!" aliandika mmoja. Mwingine akaongeza, "Haye, Kivuli, maneno matupu hayo. Fanya tuone!"

Mumina hakucheka. Alimjua Kivuli, na Kivuli hakuwa mtu wa mzaha. Akamtumia Mwalimu ujumbe: "Kuna mwanachama ameandika maneno ya kutisha. Nifanye nini?" Hakutaja jina wala hakunakili maneno yenyewe. Alidhani amejieleza vya kutosha.

Jibu lilikuja kwa sauti, likiwa limechanganyika na upepo na mngurumo wa gari. "Haye, abaayo, dada yangu. Usimjibu mbele ya watu. Mfute kando, halafu..." Upepo ukayala maneno yaliyobaki.

Mumina alisikiliza tena na tena. Fitabu si neno, lakini "mfute" ni neno kamili, na pale kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na kitufe kilichoandikwa hivyo hivyo: FUTA MWANACHAMA. Akabonyeza. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza tena. Kivuli akatoweka na kila alichowahi kuandika, hata yale maneno ya siku ya Idi.

Alitarajia kuona nafuu. Badala yake alijihisi kama mtu aliyemfungia mwenzake mlango wakati wa mvua. Akaondoka kwa ile njia yake ndefu, na siku hiyo ilikuwa ndefu zaidi.

Jioni Shangazi Sharifo alimwona anachezea chakula. "Kuna nini, mwanangu?" alimuuliza kwa Kiborana. Mumina akasimulia yote, na alipofika kwenye sauti ya Mwalimu, Shangazi alicheka.

"Diriye huyo! Mimi nimemuuzia maziwa miaka. Vikombe kwake ni fikombe. Hakusema umfute, alisema umvute. Mvute kando, uzungumze naye." Kisha akasikia maneno yake mwenyewe, na kicheko kikamkauka mdomoni. "Mumina. Umemfukuza mtu mwenye moto mkononi, na hatujui amekwenda wapi."

Walipiga simu papo hapo. Mwalimu alikuwa ameshafika Bura, na mara hii alisikika vizuri. Mumina alimsomea kutoka kichwani kila neno la Kivuli.

"Nilitaka umwite bembeni, umuulize ana nini, uniletee maneno yake," alisema Mwalimu. "Kosa ni la ulimi wangu, na mimi ndiye niliyekuachia mtoto mzigo wa mtu mzima. Jina lake la kweli lilikuwa kwenye usajili. Sasa limefutika. Unajua chochote juu yake?"

Mumina alijua. Lakini aliambiwa kwa siri, na mwenye siri ndiye rafiki pekee aliyekuwa naye. "Mwalimu, nikisema, polisi watamchukua?" aliuliza, machozi yakimlenga.

"Sitakudanganya, abaayo. Sijui wakubwa wataamua nini. Najua tu kwamba moto hauulizi nani alicheka na nani hakucheka. Jumapili kuna watoto watalala ndani ya bweni hilo. Na yeye akifanya jambo hilo, wallahi, hatatoka ndani ya moto huo maisha yote, hata akikimbia."

Shangazi hakumsukuma. Alimshika mkono tu. Mumina akavuta pumzi, akasema: Bura, kisima, mama muuza anjera, kigugumizi.

Ijumaa asubuhi Mwalimu Diriye alimkuta mama huyo, Qali, akipika anjera zake jikoni. Mwanawe aliitwa Ayanle. Nyuma ya nyumba, chini ya gunia, palikuwa na chupa ya petroli aliyoinyonya kutoka pikipiki ya mjomba wake. Ayanle alikana, kisha akalia, kisha akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, akikwama na kuendelea, na hakuna aliyemmalizia maneno yake. Siku hiyo hiyo mwalimu mkuu wa shule yake na afisa wa watoto walijulishwa. Jumapili hakurudi bwenini. Alibaki nyumbani huku kesi yake ikisikilizwa, na waliokuwa wakimwiga usiku waliitwa pamoja na wazazi wao, wakaelezwa walichokuwa wakikipalilia.

Siku hizo Mumina hakwenda maktaba. Alikuwa na rafiki mmoja tu duniani. Kwanza alimfuta, kisha akamsema. Alikaa nyumbani akisikiliza birika likichemka, akiamini kwamba safari hii upweke amejitafutia mwenyewe. Mwishowe Shangazi alimtoa nje kwa maneno makali. "Ulitenda haki, halafu unajificha kama mwizi? Nenda!"

Alipoingia maktaba alimkuta Mwalimu Diriye amekaa na mama mmoja aliyejitanda shuka jekundu, na kando yao mvulana mwembamba aliyekuwa akitazama sakafu. Mumina alitaka kugeuka, lakini Mwalimu alimwonyesha kiti.

"Kaa, abaayo. Nimeandika sheria mpya za jukwaa, na nataka nyinyi wawili mzisikie kabla ya wengine," alisema. "Mtu akiandika maneno yanayonuka uhalifu, hatucheki, maana hatujui ni mzaha au ni kweli. Hatumwambii 'fanya tuone', maana huko ni kumtilia petroli. Hatuyasambazi. Wala hatuyafuti tukajifanya hayakuandikwa. Tunayahifadhi, tunamwambia mtu mzima siku hiyo hiyo, na tunamuuliza mwenye maneno ana nini. Mficha maradhi, kifo humfichua. Mtoto anayesema mapema hamsaliti rafiki yake. Anamwokoa, na anaokoa watu ambao hata hawatajua kwamba waliokolewa."

Mama Qali alimshika Mumina bega. Kisha wakubwa wawili wakaenda kutazama rafu za vitabu, ambazo hazikuwa na haja ya kutazamwa.

Mvulana aliinua macho. "We-wewe ndiye T-Twiga?"

"Ndiyo."

"Ulini-nifuta."

"Ndiyo. Nisamehe."

"Halafu u-ukanisema."

"Ndiyo," alisema Mumina, na hapo hakuomba msamaha.

Ayanle alihangaika na neno lililofuata. Lilimkwama kooni, akafumba macho, akaliacha, akalirudia. Mumina hakumsaidia. Alingoja.

"Wote wa-walidhani natania," alisema Ayanle. "N-ni wewe tu uliyeniamini."