Draiva ya Njia Mbili

Siku Yusra alipomkanyaga Parsaoti, stendi ya Korogwe ilikuwa imechafuka: wapiga debe wanagombania mabegi ya abiria, wauza machungwa wanakimbilia madirisha, na yeye anarudi kinyumenyume na monita ya mteja kifuani.

"Pole jamani!"

"Pole ya mguu nimeipokea," mwanamume akajibu. "Na ya boksi langu?"

Boksi lilikuwa limepasuka, kadi za kompyuta za kunasia mtandao zimetapakaa chini. Yusra alichuchumaa, mtandio wake wa kijani ukamteleza, wakaokota pamoja. Mwanamume yule alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, shanga za Kimasai mkononi. Mwalimu wa kompyuta huko Handeni. Kadi zile zilikuwa za msaada, na hakuna hata moja iliyokubali kufanya kazi.

"Basi leo umempata fundi," Yusra akasema. "Nipe namba yako."

"Hata jina hujaniuliza!"

"Nahurumia kadi, mwalimu, sikuhurumii wewe."

Yakaanza hivyo. Kadi zote zilikuwa na chipu ya aina moja, ila njia za kuziunga na kompyuta zilitofautiana. Kompyuta za zamani zilichomekewa kadi ndani, kwenye tundu la PCI, ambako draiva, ile programu inayoiendesha kadi, ikiuliza hujibiwa papo hapo. Zile mpya zilitumia kadi za USB za kuchomeka nje, ambako draiva hutuma swali kisha husubiri. Yusra alitaka draiva moja ya kuziweza zote. Kampuni moja ya Dar inayounganisha kompyuta za shule ilishamwambia: ikikubali kote, kazi ni yako. Kazi hiyo aliiota tangu yuko chuo.

Kila Jumamosi akawa Handeni. Kila Jumatatu Parsaoti akampigia.

"Imekubali?" Yusra huuliza.

"Za ndani zimekubali, mpenzi. USB bado zinagoma."

"Mungu wangu, nimekosea wapi?"

"Njoo Jumamosi tuangalie. Vaa lile gauni la njano."

"Gauni linatengeneza draiva?"

"Linamtengeneza mwalimu."

Haya, cheka tu, binti wa watu! Akicheka, akikata simu, anarudi kubomoa kazi yake na kuijenga upya, macho yamemvimba. Kampuni ilimuuliza mara mbili, na mara mbili alijibu bado.

Jumatano moja akaenda Handeni bila kumwambia Parsaoti. Alimkuta Mwalimu Dorkasi akifundisha kidato cha tatu, darasa zima liko mtandaoni. Kwenye mashine za USB.

"Karibu fundi!" Dorkasi akamlaki. "Tunakushukuru kweli. Mwezi mzima hazijatusumbua."

Parsaoti akatokea mlangoni na chaki mkononi, akamwona Yusra, akajua ameumbuka.

"Kwa nini?"

"Ikikamilika unaondoka," alisema kwa sauti ndogo. "Ukija nilikuwa nakutolea kadi za USB zilizokufa. Nilitaka Jumamosi moja zaidi. Halafu nyingine."

"Nimebomoa kazi nzima kwa uongo wako! Nimejiona mjinga, Parsaoti. Nimelia!"

Akaondoka. Wiki tatu simu za Parsaoti ziliita mpaka zikakatika zenyewe.

Kampuni ikampa nafasi ya mwisho: Ijumaa, saa kumi jioni. Aliirudia draiva ile ile iliyokuwa ikitumika shuleni. Saa nane na nusu alikuwa tayari kuituma, simu ikaita. Hajui kwa nini aliipokea.

"Yusra, usitume," Parsaoti akasema. "Kampuni imetupigia shuleni, wamesema mwisho wako ni leo."

"Loo! Hata leo?"

"Kadi ya USB ikichomolewa kazi ikiendelea, kompyuta inaganda yote. Nimejaribu mashine tatu."

"Mwezi mzima haigandi, ije igande leo? Huna hata haya!"

"Sina haki ya kuaminiwa, najua. Ila usitume."

Sauti ilikuwa ile ile iliyomdanganya. Kadi za USB zote zilikuwa Handeni, na muda wa kwenda kujionea haukuwepo. Ananizuia tena, aliwaza. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kujaribu kuichomoa.

"Nisomee mstari wa mwisho kwenye skrini. Neno kwa neno."

Parsaoti akasoma taratibu. Yusra akashika kichwa. Mstari ulitaja kipande cha draiva alichokiandika Yusra mwenyewe, kile cha kusubiri jibu la kadi. Draiva ilikuwa ikisubiri jibu la kadi ambayo imeshaondoka! Kadi ya ndani haichomolewi kompyuta ikiwaka, ndiyo maana hakulifikiria. Na Parsaoti asingeweza kuutunga mstari ule.

"Nakutumia nyingine. Chomoa."

Ya kwanza ikaganda. Ya pili ikaganda. Saa kumi kasoro dakika saba Parsaoti akapiga kelele, "Imepona!"

"Una hakika?"

"Nakuapia."

"Usiape. Chomoa tena."

Akachomoa mara kumi, anahesabu kwa sauti. Yusra akatuma.

Jumatatu, Yusra ndiye aliyempigia. "Wamenichukua. Naondoka Alhamisi."

"Hongera sana, mpenzi."

"Ungenyamaza siku ile, ningebaki Korogwe."

"Najua. Nilikaa na simu mkononi robo saa nzima kabla sijakupigia."

Machozi yakamtoka Yusra, ya hasira na ya mapenzi. "Hilo nalo ungeweza kunificha."

"Sikufichi tena."

"Nakupenda, Parsaoti, na bado sikuamini. Yote mawili."

"Nikikupigia ukiwa Dar, utapokea?"

Alikaa kitandani, nguo zimejaa mapajani, gauni la njano likiwa juu ya zote.

"Nitapokea," akasema, akaendelea kupanga nguo kwenye begi.