Safu Iliyobaki Tupu

Jumatatu, tarehe 4 Machi, mnakili nota wa kwaya alifungua kompyuta yake na kukuta safu ya tano ya mistari ya nota imekuwa pana kuliko alivyoiacha.

Kazi yake ilikuwa kupima. Nakala ya mwalimu wa kwaya, yenye sauti zote katika ukurasa mmoja, aliipunguzia safu za mistari mpaka zikaenea; ya mwimbaji mmoja mmoja aliikuza, hata wenye miwani wasome bila kukunja uso. Safu nne zilikuwa za sauti nne. Ya tano ilikuwa ya mkewe, mwimbaji pekee, aliyefariki tarehe 19 Novemba. Hakuifuta. Aliipunguza tu ikawa kama uzi, haina nota hata moja, akaendelea na kazi. Wala hakulia. Faraghani mkewe alimwita Bwana Kipimo, jina ambalo hata binti yao hakuwahi kulisikia.

Aliirudisha safu katika udogo wake. Jumanne akaikuta imetanuka tena, na ile ya sauti ya kwanza, aliyoiimba binti yake, imesinyaa. Binti alirudi kutoka mazoezini akinong'ona.

"Baba, sauti inakwisha."

"Umepiga kelele mno."

"Sijapiga. Nikifumbua kinywa, kuna mtu anavuta pumzi kabla yangu."

Ijumaa alasiri, spika zikiwa zimechomolewa, chumba kilianza kunuka nguo mbichi zilizofungiwa sandukuni, na kutoka katika safu ile tupu, ambayo sasa ilikuwa imezigandamiza zile nne ukingoni mwa ukurasa, ukaja mvumo wa mtu anayepasha sauti kwa kinywa kilichofumbwa, ukipanda, ukingoja, ukipanda tena, huku koo la binti aliyelala chumba cha pili likicheza kwa kila nota bila kutoa kitu.

Mnakili aliusikiliza kama anayesikiliza mvua juu ya paa la jirani.

Dada yake ndiye aliyemleta mganga, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Mganga alinusa skrini.

"Huyu si mkeo. Ni jini. Umeacha kiti kitupu, limekikalia. Futa."

"Nikiipunguza zaidi je?"

"Wewe nawe! Ukilibana tu, litatafuta pengine penye nafasi."

"Kaka, ni kidole kimoja tu," dada alinong'ona. "Au nikubonyezee? Kubonyeza simu naweza, hii itanishinda?"

"Nitabonyeza mwenyewe."

Mganga akafumba macho, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Kidole cha mnakili kilikaa juu ya kitufe cha kufuta, kikakaa, kisha kikahama. Akaandika kipimo kidogo kabisa ambacho programu ilikikubali. Safu ikatoweka machoni.

"Nimefuta," akasema.

Mvumo ukakatika. Harufu nayo ikaondoka. Dada alimkumbatia mganga hadi kilemba kikamvuka.

Jioni, binti aliimba jikoni kwa sauti kamili, tamu kuliko ya zamani. Mnakili alikaa mezani akipanga vijiko, asione furaha wala hofu. Wimbo ulikoma katikati ya mstari.

"Bwana Kipimo," sauti ya binti ikaita kwa upole, "huku nimepata nafasi."

Mnakili alivuta kiti cha pili, kile ambacho hakikuwa kimekaliwa tangu Novemba.

"Njoo ule," akasema. "Chakula kinapoa."