Mapigo Mia na Kumi na Nane

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Shadya alimsaidia mama yake kubeba vyombo vya chapati hadi kona yao ya Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Siku hizi alibeba karibu vyote peke yake, maana mama alisimama kila baada ya hatua chache, akakohoa ndani ya kanga. Wiki ya nne hiyo. Na jana Shadya aliona damu kwenye kanga ile.

"Ole wako useme," mama alimwonya. "Wateja wakisikia, nani atanunua chapati zangu? Tutakula nini?"

Basi mtoto wa watu akafunga mdomo, akaenda shule.

Siku hiyo Darasa la Sita walipima mapigo ya moyo. Mwalimu Ritha alichora jedwali ubaoni, akaongeza safu isiyokuwemo kitabuni: "Leo najisikiaje?"

"Mwalimu, hii nayo ni sayansi?" Mudi akauliza. Darasa likacheka.

"Utapima moyo halafu mwenye moyo usimuulize? Andika, Mudi, acha maneno."

Evarista, aliyekaa dawati moja na Shadya, alimshika mkono kwa kidole gumba, akahesabu dakika nzima. "Sabini na nane. Kama mimi!"

Shadya alijua si kweli. Moyo ulimdunda mpaka masikioni. Lakini alifurahi, jamani, alifurahi kabisa kwamba siri haijatoka. Kwenye safu ya mwisho akaandika, "Poa."

Mwalimu alipopita akaona. "Evarista, umetumia gumba? Gumba lina mapigo yake. Umehesabu ya kwako." Akaweka vidole viwili kwenye mkono wa Shadya, akatazama saa. Alihesabu, akahesabu tena. "Mia na kumi na nane. Ulikuwa unakimbia?"

"Hapana, Mwalimu."

Kengele ilipolia, Mwalimu akambakiza. "Umeandika poa, lakini moyo wako unakwenda mbio. Kuna nini, mwanangu?"

Shadya alilia mpaka kola ikalowa. Kisha akasema yote.

Mchana ule walikwenda pamoja kwa mama. Mama alimtazama binti yake kwa uchungu. "Umeniuza," alisema. Lakini kikohozi kikambana palepale mbele ya Mwalimu, akakosa la kukana. Mwalimu akampeleka zahanati, wakampima makohozi: kifua kikuu. Dawa ni bure, wakamwambia, ila atameza kila siku kwa miezi sita, na biashara isimame kwanza. Shadya naye alipimwa, alikuwa salama.

Nyumba ikawa ngumu. Wateja walihamia kwingine. Shangazi Badria alileta unga alipoweza, na siku nyingine walilalia uji usio na sukari. Mama hakumsemesha Shadya wiki nzima, na hilo ndilo lililomuuma kuliko njaa.

Siku ya nane, mama alimeza dawa, akamwita. "Daktari anasema ningechelewa zaidi, ungenizika. Kosa ni langu, mwanangu, nilikufundisha kuficha. Ugonjwa unasemwa ili utibiwe. Na hofu nayo inasemwa, usibaki nayo peke yako. Usiandike tena poa kama si poa." Akanyoosha mkono uliokonda. "Haya, nipime na mimi."

Shadya akachukua daftari la sayansi, akaweka vidole viwili, akahesabu. "Tisini na sita. Na unajisikiaje, mama?"

Mama alivuta kanga mabegani.

"Naogopa," akasema.

Shadya akaandika hivyohivyo.