Mkanda wa Mama Futi

Mama Futi alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu futi yake ya utepe haikutoka shingoni tangu asubuhi hadi jioni. Alikwenda nayo sokoni. Siku moja alikwenda nayo msibani, akakumbuka kuivua baada ya kuwapa pole watu watano.

Alishonea nyumbani, katika chumba cha mbele. Kulikuwa na vyerehani viwili, meza ya kukatia, pasi, na pazia la maua lililokinga pembe ya kupimia. Nyuma ya pazia hilo alikuwa amepima nusu ya mtaa. Alijua nani ameongezeka kiuno na nani amepungua, na hakumwambia mtu. Vipimo vyote aliviandika kwenye daftari jeusi, kila mteja na ukurasa wake.

Mtu mmoja tu hakuwa na ukurasa, naye ni Mama Futi mwenyewe.

Miaka mitatu nyuma alikuwa mnene mno. Magoti yalimuuma akikanyaga cherehani, na sukari na presha vilikuwa vimeanza kubisha hodi. Alijaribu kupunguza chakula, akashindwa. Mwishowe madaktari walimfanyia upasuaji. Walimvika mkanda laini kwa ndani, kwenye sehemu ya juu ya mfuko wa chakula. Mkanda huo humfanya mtu ashibe kwa chakula kidogo. Mrija mwembamba unauunganisha na kituo kidogo kilichowekwa chini ya ngozi, chenye ukubwa wa kifungo cha koti. Daktari akitaka kuubana mkanda, hutia maji maalumu hapo kwa sindano. Akitaka kuulegeza, huyatoa.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mama Futi alihudhuria kliniki kila alipoitwa, akapungua kilo thelathini na nane. Pale kliniki walimpigia makofi. Barabarani watu walimsimamisha na kumuuliza siri yake. Alijishonea gauni la njano lenye kubana kiuno, akatembea nalo mtaa mzima bila kuwa na safari yoyote. Tusimcheke. Hata wewe ungetembea.

Kisha uzito ukagoma kushuka. Miezi miwili ikapita. Mama Futi akafikiri kifundi: nguo ikilegea, unaibana. Akaenda kliniki kuomba mkanda ubanwe zaidi. Alipoulizwa kama chakula kinapita vizuri, akasema kinapita bila shida. Hakusema kwamba nyama ilikuwa imeanza kumkwama kifuani. Mkanda ukaongezwa maji, naye akaondoka kwa furaha.

Tangu siku hiyo hakurudi tena.

Mkate ulimkwama. Wali ulimkwama. Alikuwa akiinuka mezani kimya, anakwenda nyuma ya nyumba, anatapika, anarudi akifuta midomo. Mume wake alipomuuliza, alijibu kwamba hiyo ndiyo kazi ya mkanda. Mume hakuwa daktari, akaamini.

Lakini njaa haidanganyiki. Mama Futi aligundua kwamba vitu laini na vitamu vinapita bila matata. Aiskrimu ilipita. Biskuti zilizolowekwa kwenye chai zilipita. Maziwa mazito ya kopo yalipita vizuri kuliko vyote. Kopo moja lilikaa siku zote nyuma ya boksi la vifungo, na kijiko chake ndani. Vitu hivyo ni vidogo machoni, lakini vinanenepesha kweli kweli. Kilo zikaanza kurudi. Ikarudi moja, zikarudi tatu, zikafika kumi na moja.

Kwa nini hakwenda kliniki? Kwa sababu ya aibu. Kila alipofikiri kupanda mzani ule mbele ya watu waliompigia makofi, uso ulimwaka. Alijiambia ataenda akishapungua kidogo. Ni kama kusema utakwenda kwa fundi nguo ikishajishona.

Basi akafanya jambo ambalo fundi cherehani tu angeweza kulifanya. Kila gauni lina kitambaa cha akiba ndani ya mshono. Kila baada ya miezi miwili alijifungia, akafumua lile gauni la njano, akalipanua nusu kidole kila upande, akalishona tena. Watu waliona gauni ni lile lile, wakasema hajabadilika. Mama Futi akajikaza kisabuni. Mwishowe akiba ya kitambaa ikaisha.

Ilikuwa wiki hiyo hiyo ambapo mdogo wake alikuja kukaa naye. Mdogo wake naye alikuwa mnene na mwenye presha. Alikuwa amepata nafasi ya kuonana na daktari katika kliniki ile ile, siku ya Alhamisi.

"Dada, tutakwenda wote," alisema. "Wewe ndiye uliyenipa moyo. Nataka wakuone, wajue mimi ni mdogo wako."

Mama Futi alisema sawa. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jumanne asubuhi Mama Futi alikuwa akipiga pasi, na mdogo wake akishona vifungo karibu na mlango. Mama Futi akachungulia dirishani, akaona mtu anavuka barabara na kitambaa cheupe mkononi. Alikuwa Sista, muuguzi wa ile kliniki. Ndiye aliyemfundisha kula baada ya upasuaji.

"Mwambie sipo," Mama Futi alinong'ona, akaruka nyuma ya pazia.

Mdogo wake hakuelewa, lakini alimwambia mgeni kwamba fundi ametoka. Sista akasema hana haraka, akaketi kwenye stuli ya wateja. Akasifu hali ya hewa. Akauliza bei ya kushona sare. Nyuma ya pazia, Mama Futi alikuwa amechuchumaa juu ya rundo la vipande vya nguo, amejiziba mdomo kwa kitambaa. Kikohozi kilikuwa kinampanda. Kilikuwa kikimsumbua kwa miezi sasa, hasa akilala. Akakizuia mara ya kwanza. Akakizuia mara ya pili. Mara ya tatu kikatoka chote, na pazia likatikisika.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikufika hata mlangoni.

Mama Futi akajitokeza, nyuzi zimemganda kwenye nywele. Hakuweza kumtazama mgeni. Mdogo wake aliinamia kifungo chake kana kwamba hajawahi kuona kifungo.

Sista hakucheka, wala hakutaja hospitali mbele ya mtu mwingine. "Nimekuja kushonewa sare, fundi," alisema. "Nipime."

Mama Futi akamtuma mdogo wake dukani kununua uzi, kisha wakaingia nyuma ya pazia. Mama Futi akazungusha futi kiunoni mwa Sista. Akafungua daftari na kuandika. Sista akachungulia namba.

"Nimeongezeka tangu uliponishonea ile ya kwanza," alisema kwa sauti ya chini.

"Kidogo."

"Mbona hunigombezi?"

Mama Futi akashangaa. "Nikugombeze kwa nini? Mimi naandika kipimo kilivyo. Nikiandika uongo, nguo haitakukaa."

"Na sisi kliniki ni hivyo hivyo, mama. Mzani si hakimu. Tunaandika ulivyo ili tujue pa kukusaidia. Mwaka wa pili huu hatujakuona. Kikohozi hicho kinakuja zaidi ukilala?"

Machozi yakamtoka Mama Futi, na maneno yakafuata. Alieleza kutapika, kiungulia, na kopo la maziwa. Alieleza mishono aliyoifumua. Alisema kwamba anaona aibu hata kujitazama kwenye kioo, kwamba amepewa bahati akaichezea.

Sista alimsikiliza hadi mwisho. "Kutapika si kazi ya mkanda," alisema. "Huenda umebana kupita kiasi. Mkanda ukibana hivyo, chakula kizuri hakipiti, na mtu anakimbilia vitu laini vyenye sukari. Ndipo anaponenepa. Chakula na tindikali vinapanda usiku na kukukohoza. Vikiingia kwenye mapafu vinaweza kukuletea ugonjwa. Na kutapika kila siku kunaweza kuuhamisha mkanda kutoka mahali pake. Wewe ni fundi. Nguo ukiibana mno, mwenye nguo anapungua?"

"Inachanika," alijibu Mama Futi.

"Basi njoo Alhamisi, usingoje zaidi. Na kabla ya hapo, ukishindwa kumeza hata maji, au ukipata maumivu makali ya tumbo, au homa, au ngozi ya pale penye kituo ikiwa nyekundu, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usisubiri siku ya kliniki."

Mama Futi aliahidi. Lakini kumwambia Sista ni jambo moja, na kumwambia mdogo wake ni jingine. Jumatano nzima alimpiga chenga. Mdogo wake akiuliza juu ya kikohozi, yeye anauliza juu ya vifungo.

Alhamisi walikaa kwenye benchi la kliniki, wamebanana na wagonjwa wengine. Mama Futi alikuwa amevaa gauni la njano. Mbele yao kulikuwa na mzani. Mwanamke mmoja aliyeketi kando yao alisema anaogopa upasuaji. Mdogo wake Mama Futi akamgeukia haraka.

"Usiogope, mama. Mwone dada yangu huyu. Mwaka wa tatu sasa. Anakula anachotaka, hana shida hata moja, wala kliniki haji tena. Ukishavikwa umemaliza."

Benchi zima likamtazama Mama Futi. Akahisi joto likimpanda shingoni, pale pale ilipokuwa futi. Angeweza kutabasamu tu. Alikuwa amezoea. Lakini alimwona yule mwanamke akianza kupumua kwa raha kwa sababu ya uongo, na alimwona mdogo wake, ambaye alikuwa karibu kuingia chumba cha daktari akiwa na uongo huo huo kichwani.

"Si kweli," alisema. "Anasema hivyo kwa sababu nilimdanganya. Natapika kila siku. Nimerudisha kilo kumi na moja. Sikuja kliniki kwa sababu niliona haya. Gauni hili nimelifumua mara sita."

Hakuna aliyecheka. Mdogo wake akamshika mkono.

"Dada, umekaa na haya yote peke yako?"

"Peke yangu na kopo la maziwa," alisema Mama Futi, akilia na kucheka.

Alipoitwa alivua viatu, akapanda mzani. Sista akaandika namba. Hakuna aliyepiga makofi, na hakuna aliyeguna. Ilichukua muda mfupi kuliko kupima mkono wa shati. Hilo ndilo alilolikimbia kwa karibu miaka miwili.

Daktari alimpa dawa nyeupe ya kunywa, akampiga picha ya tumbo. Mkanda haukuwa umehama, lakini sehemu ya mfuko wa chakula iliyo juu yake ilikuwa imeanza kutanuka. Daktari akamwambia amewahi. Angechelewa, pengine angehitaji upasuaji mwingine. Akatoa maji kwenye mkanda kwa sindano. Mama Futi akapewa glasi ya maji anywe. Yakapita moja kwa moja. Alikuwa amesahau kwamba maji hupita hivyo.

Sista akamweka chini pamoja na mdogo wake, akaanza upya. Tonge liwe dogo, litafunwe hadi lilainike kabisa. Mayai, samaki, maharage na mboga vitangulie. Mtu aache kula anapohisi tu kwamba njaa imekwisha. Asinywe maji katikati ya chakula. Asubiri nusu saa hivi baada ya kula. Soda na maziwa matamu aviache. Atembee kila siku. Ameze vidonge vya vitamini alivyoandikiwa, na damu ipimwe kila mwaka.

"Mkanda ni msaidizi wako," alisema Sista. "Hautafanya kazi peke yake. Na kliniki haina kuhitimu. Mwanzo utakuja mara kwa mara, baadaye hata mara moja kwa mwaka, lakini utakuja maisha yako yote. Ukiongezeka ndiyo uje mbio zaidi."

Mdogo wake alipoingia kwa daktari, aliuliza maswali mengi ambayo asubuhi hakuwa nayo. Daktari akamweleza kwamba mkanda haumfai kila mtu, na kwamba kuna njia nyingine. Yule mdogo akaomba apewe muda wa kufikiri. Akapewa.

Jioni ile Mama Futi alimwita mume wake chumba cha mbele. Alimwonyesha kopo la maziwa na kumweleza yote. Mume alisikitika kwamba alifichwa. Kisha akasema kwamba kuanzia kesho watatembea wote hadi darajani na kurudi, kwa kuwa hata yeye kitambi chake hakijaja kwa bahati mbaya.

Haikuwa rahisi. Wiki za kwanza, mkanda ukiwa umelegezwa, njaa ilimwandama na uzito ukaongezeka kilo mbili. Zamani angejificha. Safari hii alikwenda kliniki na kilo zake mbili, akazisema. Baadaye daktari alirudisha maji kidogo kidogo, na kila mara Mama Futi alisema ukweli kuhusu kinachopita na kinachokwama. Kutapika kukaisha. Kikohozi kikaisha. Mwaka ulipopita, alikuwa amepunguza kilo tisa. Hakurudi kuwa kama siku zile gauni la njano lilipokuwa jipya, lakini alikula mezani na watu wake, akainuka pamoja nao.

Siku moja mdogo wake alikuja kumtembelea. Mama Futi alikuwa ametandika kitambaa cha buluu mezani. Alitaka kujishonea gauni lingine. La njano alikuwa amelikata vitambaa vya kufutia mashine.

Akavua futi shingoni, akampa mdogo wake. Hakuwahi kumpa mtu futi ile. Akafungua daftari jeusi kwenye ukurasa mtupu, juu akaandika "Mimi," na chini yake tarehe ya kliniki inayofuata. Kisha akaingia nyuma ya pazia, akainua mikono.

"Nipime," alisema. "Uandike inavyosoma."