Mkono wa Baba Mdogo

Jioni hiyo Nasambu alikuwa akisonga ugali, mdogo wake mgongoni, kama kawaida. Mama yake, Phelista, mjane muuza sukuma wiki sokoni Chwele, ndiyo kwanza arudi kutoka kuomba kura. Mwaka huo wa 2007 aliwania udiwani, na ili apate ada ya kugombea alikuwa ameuza ng'ombe wao wa maziwa. Watu walisema wee! Ati mjane mwenye watoto wadogo anataka kiti, nani atawapikia?

Mara mlango ukapigwa teke. Wanaume watatu waliofunga nyuso kwa matambara waliingia na marungu.

"Jiondoe, mama! Jiondoe ama tukuzike!"

Rungu likashuka, mkono wa mama ukavunjika. Likashuka tena, damu ikaruka ukutani. Mmoja alimkaba Nasambu shingoni, naye akamng'ata mkono kwa nguvu zake zote. Jamaa akapiga yowe. Majirani waliposikia walipiga nduru, na washenzi hao wakatimua mbio.

Asubuhi watu walijaa kutoa pole, chifu akiwemo. Akaja pia Mukhwana, ndugu ya marehemu baba, aliyekuwa akimlipia Nasambu karo.

"Pole, shemeji. Si nilikuambia siasa si ya wanawake?"

Lakini hakumpa mtu mkono. Pale kwao, kutoa pole bila kushikana mikono ni dharau. Mkono wake wa kulia ulikaa ndani ya koti.

Nasambu akakumbuka mkono alioung'ata jana. Akisema, masomo yamekwisha. Akinyamaza, watarudi kumuua mama.

"Baba mdogo," akasema, "nipe mkono nikusalimie. Jana nilimng'ata mmoja wao."

"Wacha ujinga, mtoto!"

Chifu akauvuta mkono ule nje. Alama za meno zilikuwa bado mbichi.

"Huyo ng'ombe alikuwa wa ukoo!" Mukhwana alifoka. "Na wewe Nasambu, sasa nani atakulipia karo?"

Polisi walimpeleka Bungoma, na huko akawataja wenzake wote.

"Mama, na karo?" Nasambu aliuliza, machozi yakimtoka.

"Nitauza sukuma kwa mkono mmoja, na wenzangu wa chama cha akina mama watanishikia mtoto kwa zamu," mama akajibu. "Sikia, mwanangu. Msaada unaokufunga mdomo si msaada. Uliogopa, na bado ukasema kweli. Usiache kamwe. Haya, nifunge leso vizuri, watu wananingoja mkutanoni."